Msuko wa Baba Kichwani mwa Lanying

Mtaa wa Watengeneza Miavuli,
Changsha, Hunan.
24 Juni, 1927

Mpendwa Kaka Boqing,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini Ipoh? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimepoa, au bado kinakusumbua mvua zikinyesha? Sisi wazima, ila Mama hapati usingizi na mimi siwezi kukaa kitako. Hata sasa naandika mstari, nainuka, nachungulia barabarani, narudi.

Baba bado anapaka miavuli mafuta, lakini wanunuzi wameadimika. Tangu askari walipovamia vyama vya wafanyakazi mwezi uliopita, watu hutoka haraka na kurudi haraka.

Nilikuandikia mwaka jana ndugu yetu Deyong alipoingia mjini na jeshi la Chama cha Taifa. Dada yake Lanying alimkimbilia barabarani, wakatundika bendera pamoja mlangoni kwetu. Wakati ule wazalendo wa chama hicho na wakomunisti walikuwa kitu kimoja, wote wakitaka kuwaondoa wababe wa vita waliotugawana tangu mfalme aondolewe. Lanying akajiunga na wakomunisti, akakata nywele hadi masikioni, akaenda vijijini kufundisha wanawake kusoma. Deyong akawa anamtania, "Hujambo, bwana mdogo?"

Sasa vyama hivyo vinawindana, Kaka. Mwanamke mwenye nywele fupi anakamatwa bila kuulizwa jina, na wengine hawarudi.

Lanying alitufikia asubuhi moja, kichwa amekifunga kitambaa. Alitaka kuvuka mto awafuate wenzake milimani, lakini kivukoni askari walikuwa wanawavua wanawake vitambaa. Baba akafungua sanduku la nguo za baridi, akatoa msuko wake mwenyewe, ule ambao enzi za mfalme kila mwanaume alilazimishwa kuwa nao, akakatwa kwa nguvu kwenye lango la mji mwaka mfalme alipoanguka. Kumbe Mama aliuficha miaka yote, akihofia mfalme angerudi na kudai vichwa vya wasio nao!

Lanying alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba jamani! Mwanamapinduzi mzima nivae mkia wa mfalme?"

"Vaa, acha maneno," Baba akasema. "Huo mkia ni wangu, si wa mfalme."

Niliushona kwenye nywele zake, nikaukunja kisogoni kama wa mke wa mtu, tukaenda kivukoni sisi wawili. Na aliyekuwa anasimamia ukaguzi, Kaka, alikuwa Deyong.

Askari akamvua Lanying kitambaa, akashika nywele. "Mbona kavu hivi? Afande, hebu njoo uone."

Deyong akaja. Akautazama msuko. Utotoni alikuwa akiushika na kuning'inia mgongoni mwa Baba, kwa hiyo naamini aliujua. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu namjua," akasema. "Mke wa muuza tofu ya soya wa mtaani kwetu. Ana mdomo mkali kuliko pilipili. Mpitishe kabla hajaanza kututukana."

Lanying akapanda mashua. Hakugeuka nyuma.

Siku chache baadaye Deyong alikuja nyumbani. Mama akamwekea wali na samaki, hakugusa.

"Alisema nini juu yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba hakusema kitu. Akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, bila kututazama, "Kesho kutwa tunapelekwa milimani."

Bakuli likamponyoka Mama. Deyong akainama, akaokota vipande, akaviweka mezani, akaenda zake. Kikosi chake kimeshaondoka.

Sasa nakuomba jambo. Wewe ndiye mkubwa wetu, na Deyong hajawahi kumsikiliza mtu kama anavyokusikiliza wewe. Mwandikie upesi. Barua za kambini zinasomwa, kwa hiyo usimtaje Lanying. Muulize afya, mweleze habari za wanao.

Barua hii inaletwa na Bwana Ouyang, mfanyabiashara wa chai. Mpe chakula, ni mtu mwema. Baba na Mama wanakusalimu, na Shangazi Meixiu anauliza lini utamleta wifi tumwone. Wazee wetu waliotangulia wawalinde, wewe na nyumba yako.

Ukimwandikia Deyong, mwishoni mwambie tu kwamba una wadogo watatu, na unatutaka wote watatu.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Suzhen