Aliomba Siku Mbili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie. Mimi ni meneja wa watu kumi na wawili wanaotengeneza programu ya simu ya kupangia wagonjwa miadi ya hospitali, na mkurugenzi alikuwa ananipigia kila saa akitaka toleo jipya litoke Jumatatu, basi fundi wetu wa programu, dada mmoja mtaratibu anayependa kunitania, akaomba siku mbili za kulijaribu, nami nikamwambia kama anaogopa kazi aseme, nikaingia mwenyewe kwenye mfumo nikabonyeza “Nimekagua” bila kufungua hata ukurasa mmoja. Jumanne wagonjwa wa macho wakajikuta wamepangiwa kliniki ya wajawazito, wazee wa watu na fimbo zao. Mkurugenzi akaja juu, nami mbele ya timu nzima nikamuuliza yule dada nani alimtuma kulipua kazi. Aliinamia kompyuta, na kufika mchana alikuwa amerekebisha kila kitu. Tangu siku hiyo kwangu ni “ndiyo bosi” tu, utani umekwisha. Mwisho wa mwezi natakiwa kupeleka ripoti yenye jina la aliyekosea, na huyo hataongezewa mkataba. Nina watoto watatu. Nifanyeje?

Mama Watatu

Mama Watatu, pole. Kupigiwa simu kila saa kunachosha akili. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana jibu unalo, ila unatafuta mtu wa kukuambia si lazima. Ni lazima. Huyo dada naye ana wanaomtegemea, au hukuwahi kumuuliza?

Tena kuna jambo limekupita. Kitufe ulichobonyeza kimeacha jina lako kwenye mfumo, na yeye analiona. Angetaka, angeshamwonyesha mkurugenzi. Amenyamaza akikupa nafasi useme mwenyewe, kwa hiyo hujampoteza bado.

Kesho asubuhi waite wote. Usimvizie kwenye korido umnong’oneze samahani. Ulimwaibisha hadharani, msafishe hadharani. Sema, “Aliomba siku mbili nikamnyima. Nilipitisha mimi, bila kusoma.” Kisha yaandike hayohayo kwenye ripoti, na jina lake liwe pale panapotajwa aliyerekebisha. Mkurugenzi atafoka, na huenda ukaukosa huo mkataba, sikudanganyi.

Ukimaliza, muulize yule dada toleo lijalo linahitaji siku ngapi za majaribio. Akisema tatu, usianze kupatana naye kama mko sokoni. Mpe tatu.