Sura Yako kwenye Ukuta wa Musée

Likasi, Kwaresima 1995

Yaya Mbombo,

Yesu akukute muzima huko Mwene-Ditu, weye na mutoto Reine. Goti lako linaendeleaje na baridi? Huku tunapumua. Kazi ya kiwandani imelala, bwana yangu Benoît anakohoa kidogo, lakini tunamushukuru Mungu.

Minye ningali nafagia musée yetu ndogo ya vitu vya kale: mawe ya malakiti, misalaba ya shaba ya wakubwa wa zamani, na ile tablo, picha ya rangi uliyoniachia siku walipowafukuza kwa treni, weye na Reine kifuani, kitenge cha bleu kichwani. Nyumbani kwangu mvua inaingia, ndiyo maana niliitundika pale.

Yaya, siku hizi bantu wanakuja kwa sababu yako. Wamama wa parokia wanaleta mishumaa, wanapiga magoti mbele yako, wanakuita Mama wa Mungu. Kalombo, mukubwa wetu wa kazi, anacheka ati hata wazungu hawakujaza salle hii hivi. Mama Henriette, yule aliyeingia katika nyumba yako, anakuomba umupatie mutoto.

Aliyewafundisha ni minye. Mulipokwisha kuondoka, vijana waliingia musée kutafuta vitu vyenu Bakasai, wavivunje. Wakauliza huyu mwanamuke ni nani. Niliona rungu, nikapiga ishara ya musalaba, nikasema ni Bikira Maria. Wakavua kofia. Tablo ilipona, lakini weye nilikukana, weye uliye kwangu kama dada, uliyepokea mutoto wangu Jeancy kwa mikono yako alipozaliwa. Na kwa kila mushumaa nilinyamaza tena.

Jana, Jumapili, nilishindwa kuficha tena. Henriette alikuwa magotini, nikamwambia pole pole kwamba sura ile ni ya mwenye nyumba anamolala. Akaniuliza kama namutania. Nikasema hapana. Akazima mushumaa wake, akautia katika mufuko ungali moto, akatoka.

Leo hakuna mama hata mumoja aliyekuja. Nimeandika jina lako na la Reine chini ya tablo, kwa herufi kubwa. Kalombo anasema wataichana, na minye nitafukuzwa. Nimevuta kiti, nimekaa karibu nayo, ndipo ninapokuandikia.

Ukiweza, unisamehe. Ukikataa, ni haki yako, sitanung'unika. Benoît anakusalimu, Jeancy anamubusu Reine. Bwana alale nanyi nyumba moja.

Mudogo wako,
Angèle