Baba Mwenye Sharubu

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimechoma mbao kwa kompyuta! Maktaba ya umma ya Nyakoe imefungua chumba kipya nyuma ya rafu za magazeti. Ndani mna mashine ya leza, kubwa kama friza ya bucha, yenye kifuniko cha kioo. Msimamizi ni msichana, Valentine. Kazaliwa Nairobi, Mkisii wa jina tu, Ekegusii, lugha yetu, hajui hata salamu. Ametupa sheria tatu: usifungue kifuniko mashine ikikata, usiiache peke yake, na ukiona mwali wa moto piga kitufe chekundu.

Nimejikatia kibao kidogo cha funguo: GESARE. Mwanga kama ncha ya sindano, na moshi unaonukia jiko la nyumbani asubuhi. Nikacheka peke yangu. Miaka thelathini na sita, karani wa wakili, nachekea kipande cha plaiwudi!

Nimeshajua nitakachotengeneza. Tarehe 15 kuna ibada ya shukrani nyumbani, Nyacheki. Drusilla, mama yangu wa kambo, amepona mguu. Miezi minane tangu ateleze akichuma chai.

Jumatano, 4 Juni

Niandike wazi, hapa hakuna anayesoma.

Drusilla aliletwa kwetu nikiwa na miaka minane, mwaka mmoja baada ya kumzika mama. Sasa, kwetu mama huitwa baba. Ndiyo — wenye Kiswahili chao wacheke watakavyo. Kwa Ekegusii mama ni baba, na baba ni tata. Nami kwa kichwa changu kigumu nikaamua neno hilo tumelizika na mwenyewe. Drusilla nikamwita "Mama", Kiswahili cha shule, vile unavyomwita mwalimu au mteja. Miaka ishirini na minane! Hajalalamika hata siku moja. Brandon, mdogo wangu, ambaye Drusilla ndiye aliyemzaa, humwita Baba mara mia kwa siku. Kila mara mimi husikia.

Alipovunjika, nesi aliniuliza huyu ni nani wako. Nikasema ni mama. Drusilla akageuza uso ukutani. Labda ni maumivu tu. Lakini nimeufikiria ukuta ule tangu Oktoba.

Kwa hiyo kibao cha kutundika juu ya mlango wake. Neno moja: BABA. Mdomo wangu umekataa, basi mbao iseme.

Jumanne, 10 Juni

Aibu gani hii!

Niliandika BABA kwenye kompyuta, herufi nene, majani ya chai pembeni. Simu ikalia. Wakili, hajui faili iko wapi (iko mezani kwake). Nikatoka dakika tano. Kurudi, Valentine anatabasamu, eti amenipambia kidogo. Sikutazama. Mimi, ninayekosoa nukta za mawakili! Nilikuwa na hamu na kitufe cha kuwashia, nikabonyeza mwenyewe.

Kifuniko kikafunguliwa. BABA — na chini yake tai, na sharubu nene zilizopinda ncha.

"Si Fathers Day ni Jumapili, auntie?"

Nikamwambia ni ya mama. Akanitazama, akatazama kibao, akanitazama tena. Nikaeleza. Akajishika kichwa.

"Aki pole! Na nyanya yangu huniita 'baba' kwa simu. Mi hudhani ananichanganya na buda, babangu!"

Tukacheka mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisoma magazeti akatugongea ukuta. Mashine ina foleni. Nirudi Alhamisi.

Alhamisi, 12 Juni

Mbao imebaki moja tu. Valentine akashauri tuandike MAMA, kila mtu ataelewa, hata wageni wa mbali. Nikasema sawa. Haraka mno nikasema sawa.

Kimetoka safi! Kingo za kahawia, doa hakuna. Nimekileta hapa kwangu Kiogoro, nimekiegemeza kwenye kabati. Kizuri. Sikipendi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua msasa nikamsugua yule BABA wa sharubu. Nimekimbizana na jua, Sabato inayoingia magharibi isinikute na vumbi la mbao. Tai imetoka. Sharubu zimegoma kabisa, leza ilizama. BABA anafanana na mtu aliyenyoa akichelewa kazini.

Nimetia vyote viwili mkobani. Sijui kwa nini viwili.

Jumapili, 15 Juni, Nyacheki

Nimejificha chumba cha nyuma. Wageni wamejaa uani, mchungaji ameshakula mara mbili.

Drusilla anatembea bila mkongojo. Anatoka jikoni hadi kwenye hema, anarudi, anatoka tena, hana anachobeba. Anataka tu waone! Nampenda mama huyu, jamani. Nampenda na sijawahi kumwambia.

Nimempa MAMA mbele ya watu. Vigelegele. Akazipapasa herufi kwa vile vidole vyake vyeusi vya chai, akasema "Buya mono, Gesare", yaani vizuri sana. Akaniangalia kidogo. Akakiweka mezani kando ya keki, basi. Ndipo nikaja huku. Mkoba nimeuacha jikoni.

Ngoja — jikoni Brandon anacheka. Anauliza huyu mzee wa sharubu ni nani.

Drusilla anaingia, namjua kwa hatua zake.

Drusilla anajibu kwa Ekegusii kwamba si mzee. Anauliza kimetoka wapi. Brandon anasema kwa mkoba wa Gesare, kilikuwa chini kabisa.

Droo inavutwa, misumari inalia.

Kigoda kinaburutwa. Nyundo! Anagonga kitu juu ya mlango. Brandon anamsihi, lete nipigilie mimi. Anamjibu: "Yaya, hapana! Toka hapo, ni changu."

Nimechungulia dirishani. Kigoda ni kile cha kukamulia, kinachoyumba. Amesimama juu yake na mguu ule! Ule ule! Misumari mdomoni. Kigoda kikainama upande mmoja, na mimi nikapiga kelele mpaka mchungaji akageuka:

"Baba! Baba, shuka utaanguka!"

Nimekaa tena kitandani. Nyundo imenyamaza.

Ameshuka. Hatua zinakuja huku koridoni, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Hajabisha bado. Amesimama tu hapo nje, nasikia anavyopumua, na sasa anasema, polepole, nirudie nilivyomwita —