Tetere Mwenye Pete

Jumanne, 1 Julai 2025
Ukiliokota daftari hili, nakusihi, lifunge, jifanye hukuliona. Usimtajie mtu jina langu wala jengo hili la Berea. Kibali changu cha ukimbizi kiliisha Aprili, ofisi haijajibu.
Sasa ndege. Leo baridi ya huku kusini imegandisha barafu kwenye beseni la balkoni. Tetere sita, wamejivimbisha manyoya kama mipira. Nimewamwagia chenga za mahindi. Mmoja ana pete ya chuma mguuni — ina maandishi! Nani kamvisha?

Jumatano, 2 Julai
Nimechelewa kazini dakika nne. Sijawahi. Kwenye pete nimesoma tarakimu mbili tu: 4, halafu 7 au 1.
Mchana nikaacha mafaili, nikatafuta kwenye kompyuta. Kumbe watafiti huwavisha pete wajue wanaishi miaka mingapi, wanafika wapi. Ukimwona, unawaandikia: namba, jina lako, simu, mahali. Nikafunga ukurasa upesi.
Masika, msusi ninayeishi naye chumba kimoja, kacheka hadi akakaa chini. "Hata ndeke eko na karatasi, yaya, na siye hatuna." Yaya kwao ni ndugu mkubwa.

Ijumaa, 4 Julai
Yule mwenye pete anachechemea. Nimelala kifudifudi sakafuni nimtazame. Pete haina kosa. Ni mguu wa pili — vidole vimebanwa na nywele nyeusi za bandia. Za kwetu. Masika husukia wateja balkoni, kwenye jua, kisha hukung'uta kitana hapo hapo. Tetere hula chini, juu ya nywele zetu. Kidole kimoja kimeshakuwa cheusi.

Jumamosi, 5 Julai
Nimejaribu kumfunika kwa kapu. Karuka.
Masika kafagia balkoni yote bila kuambiwa. Hakunitania.
Nimepiga simu kwa mama mmoja anayetibu ndege. Mpole. Ana wavu; anasema mguu utapona akimshika kabla ya Jumanne. Akaomba anwani. Nikakata.

Jumapili, 6 Julai
Tetere kaja saa moja, kwa mguu mmoja. Wenzake wanamsukuma.
Masika ananiuliza, huyo mama wa ndege akituletea polisi, tutalala wapi? Kisha akasema niandike tu, nywele ni zake.
Nimeusoma ujumbe mara tatu. Nimeutuma kwa yule mama, chini ya anwani yetu:
"Njoo kesho saa moja asubuhi, ndipo anapokula. Usimuulize mlinzi wa mlangoni, huandika wageni wote. Usije na gari lenye maandishi. Simama ng'ambo, kwenye taa za robot, karibu na duka la spaza. Usipige simu. Nikiona uko peke yako, nitashuka."