Moduli Inayojibu "Mimi"

Alhamisi, Kibiti. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua hainyeshi. Joto la namna hii hunifanya nimshuku kila mtu, na leo nilikuwa na wa kumshuku.

Mama yangu analima mahindi Mloka. Yameanza kubeba, na tembo wanajua. Usiku analinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti shambani, simu kaining'iniza shingoni. Askari wa wanyamapori wakiwaona tembo wanaripoti, na programu niliyoiandika inawatumia ujumbe wenye mashamba ya karibu. Toleo la kwanza lilikuwa na ugonjwa: mtandao ukikatika, ujumbe unapotea. Nikaandika la pili, linalorudia kutuma mpaka simu ipokee. Mwinyi, mwenzangu hapa ofisini, ndiye aliyelisakinisha wiki iliyopita.

Jana Mama hakupata ujumbe. Alishuka kwenda kujisaidia, akasikia mabua yanavunjika hapo hapo pembeni. Ananisimulia kwenye simu huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nikaenda moja kwa moja kwenye moduli, kile kipande cha programu kinachotuma ujumbe. Nilishaiwekea njia ya kujitajia namba ya toleo lake. Nikaiuliza. Ikajibu: 2.0.

Sikuiamini.

Maana vituko vyote vilikuwa vya toleo la kwanza. Inatuma mara moja, inanyamaza. Nikaanza kumtazama Mwinyi kwa pembeni. Labda hakusakinisha chochote, kabadilisha namba tu ili Ijumaa awahi kuondoka. Akanikaribisha chai, nikasema sina kiu. Nilishaandika hata ujumbe wa kumshtaki kwa bosi. Namshukuru Mungu sikuutuma.

Kilichonigutusha ni Mama mwenyewe. Kwetu ukipiga hodi ukaulizwa nani, unajibu "mimi", kama watu wote. Mama hafungui mlango kwa hilo. Atakuuliza, "Mimi kila mtu. Unatokea wapi?"

Basi baada ya kuswali Adhuhuri nikaachana na namba, nikaiuliza moduli inatokea wapi: faili lipi, folda ipi. Ikanitajia folda nisiyoijua. Ndani yake toleo la zamani, zima kabisa.

Nikamwita Mwinyi. Hakubabaika hata kidogo.

"Hiyo niliiweka mimi, dada. Akiba haiozi."

Jipya alilisakinisha vizuri tu, kisha akabakiza nakala ya zamani pembeni, endapo jipya litagoma. Kompyuta ikaikuta ya zamani kwanza, ikawa inaendesha hiyo. Na ile namba? Hilo ni langu. Niliiagiza moduli ikiulizwa toleo ikasome kwenye kumbukumbu za vilivyosakinishwa, badala ya kujitazama yenyewe. Ya zamani ikaenda, ikakuta jina lake limeandikiwa 2.0, ikajibu hivyo bila aibu. Ilikuwa inasoma kitambulisho cha mwenzake.

Folda tumeiondoa. Namba sasa imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, yale maandishi yanayoiendesha moduli, na ikiulizwa inataja na mahali ilipo. Chai ya Mwinyi nimeinywa, ikiwa imeshapoa. Sijamwambia niliyomwazia, na sidhani nitamwambia, labda ayasome hapa.

Jioni nikampigia Mama. Nikamwambia leo apande dunguni bila wasiwasi, imeshatengemaa.

"Nani kasema?"

Nilitaka kumtajia namba, nikaiacha.

Nimemwambia achukue debe lake la kupiga kelele, na kushuka asishuke mpaka kuche. Kesho nikitoka kazini napanda gari la Mloka. Nitakaa naye juu ya dungu, ile simu shingoni kwangu. Ujumbe ukija, nitaamini. Usipokuja, angalau tutakuwa wawili.