Kadi Kwenye Kopo la Vifungo

2 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Mimi mzima, goti tu linanisema kila nikikanyaga cherehani. Wewe na moshi wako wa kuchomelea mageti mnaendeleaje? Unavaa ile miwani, au unangoja upofuke kwanza?

Umeniuliza nitampigia nani kura ya udiwani. Simpigii mtu. Wako wawili tu. Mkandarasi ndiye aliyejenga zahanati yetu, na mvua ya kwanza nesi alichoma watu sindano huku ameshikiwa mwavuli. Mwingine ni Mwalimu Mkuu wa zamani. Tulimpa kiti miaka mitano tukaona kisogo chake. Juzi alikuja kunisifia kushona, gauni amelishika juu chini. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni shingo, siyo pindo."

Siku hiyo nitakaa kwangu nishone sare za shule. Wanaotaka kura yangu wakaiote ndotoni.

Bibi yako

9 Februari

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo, miwani navaa.

Umeamua vizuri sana. Kaa nyumbani. Foleni zitakuwa ndefu, jua kali, na goti lako hilo. Hata pale shuleni kwenye kituo cha kura usipite, watu watasukumana. Ningekuja nikae nawe siku mbili tatu, lakini kazi imebana. Jumapili hiyo ya kura nitakuwa karakana mpaka jioni.

Ni mimi mjukuu wako

13 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mimi mzima, na sasa nimekasirika pia.

Tangu lini goti langu likakuuma wewe? Mwaka jana lilivimba kama boga, nikakuandikia, ukanijibu habari za mpira. Leo ghafla huruma imekujaa. Mtu akinikataza nisipite mahali, miguu yangu inaanza kuwasha. Nikaenda shuleni.

Orodha ya wapiga kura imebandikwa ukutani. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini nafika. Jina langu limo. Na mstari wa juu yake, babu yako! Miaka minne yuko kaburini na bado wanamngoja. Nikamwita mjumbe wa mtaa. Akacheka, "Bibi, hayo ni makosa ya mashine." Mashine! Yangu ina miaka thelathini na haijamfufua mtu hata mmoja.

Nikarudi mbio kuitazama kadi yake ya kura. Unajua naiweka kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, kwa sababu ndiyo picha yake pekee iliyobaki baada ya mafuriko. Nimevimwaga vifungo vyote mkekani. Kadi hamna.

Kopo hilo nalifungua mimi, na wewe ulilifungua Desemba. Ulisema shati lako limedondosha kifungo. Shati lilikuwa jeupe, ukachukua kifungo cha bluu. Niliona, nikajisemea wanaume hawajui rangi. Na jina la babu yako unalo wewe, lote, la kwanza mpaka la ukoo, maana mimi ndiye niliyeng'ang'ania upewe.

Sikutuhumu. Nakuuliza. Kadi iko wapi?

Bibi yako

27 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia, kazi nyingi. Sweta alilokuja nalo mleta barua ni lako, baridi inakuja.

Kadi siijui. Labda panya. Na huyo Mkandarasi mnamsema bure tu. Akipita atajenga karakana kubwa, na mimi nimeambiwa nitakuwa msimamizi. Bibi, hutaki mjukuu wako aondoke kwenye moshi?

Tafadhali, Jumapili kaa nyumbani.

Mjukuu wako

6 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume.

Panya wangu wanakula unga. Sijaona anayefungua kopo, akachukua kadi, akafunika.

Jumapili nilibeba kigoda changu nikakaa wa kwanza mlangoni pa darasa la pili. Sikwenda kwa ajili ya Mkandarasi wala Mwalimu. Nilikwenda kumzuia babu yako asipige kura.

Karani akasema, "Bibi, unapiga au hupigi? Kama hupigi, ondoka."

"Sijaamua."

"Utaamua lini?"

"Nikimwona marehemu."

Foleni nzima ikacheka. Nikawa nawapisha watu, mmoja mmoja, huku jua linanichoma utosini.

Saa tano ukaja. Kofia mpaka machoni, shati jeupe lile lile, vifungo vyote vyeupe. Mjumbe yuko mbele yako anakufungulia njia. Kadi ya babu yako mkononi. Uliponiona ulisimama kama umekanyaga kaa la moto. Ningepiga kelele wangekukamata, na sijakulea miaka yote hiyo ili nikukabidhi kwa polisi. Nilikutazama tu. Ukageuka, ukaenda, hata shikamoo hukunipa.

Ndipo nikaingia. Nikaziangalia zile sura mbili kwenye karatasi. Hakuna aliyenipendeza, kama nilivyokuambia. Nikampa Mwalimu, siyo kwa mapenzi. Mwenzake nimemwona alivyo. Mwalimu angalau alikuja kuniomba kura yangu, hakutuma mtu kuchukua ya mume wangu. Na ameshindwa, najua. Kamuulize Mkandarasi cheo chako.

Sweta nimelirudisha kwa aliyelileta. Mimi nataka picha ya mume wangu. Mpaka niipate, usiniite mke.

Bibi yako

24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi si mzima sana, lakini si ugonjwa.

Nilikwenda kwa Mkandarasi mara tatu. Mara ya tatu mlinzi aliniuliza jina. Nikalitaja lote, la kwanza mpaka la ukoo. Akapitisha kidole kwenye daftari lake, akasema halimo.

Kadi hii hapa. Nimeizungushia kitambaa isikunjike. Nilimwangalia Babu usoni njia nzima nilipokuwa narudi kutoka kule kwenye foleni, na tangu hapo nimeshindwa kumwangalia tena.

Kifungo cha bluu nacho kimo. Sikukishona popote.

Mjukuu wako