Jina la Shangazi Bibiana

S.L.P. 41,
Mikumi, Kilosa.
11 Juni 2024.

Mpendwa Kaka Zabron,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo ili usije ukasema ualimu umenipa kiburi. Hujambo wewe, wifi hajambo, watoto hawajambo? Baridi ya huko Uingereza imepungua, au bado mnavaa makoti hadi mezani? Sisi huku tu wazima wa mwili, isipokuwa yule mmoja. Mahindi ya mdogo wetu Emanueli yameliwa na tembo, na safari hii hata hakulalamika, alikaa tu anayatazama mabua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza hali ya hewa. Jirani yetu Kornelio anapanda ndege kuja huko Jumamosi, atakuletea.

Uliniuliza habari za Shangazi na sinema. Umesema watu wa hiyo maktaba ya filamu wanataka kujua yule mwanamke ni nani, maana kwenye karatasi zao wameandika "mwanamke mwenyeji", basi. Waambie anaitwa Bibiana Melkizedek. Waliandike jina lote. Mwaka 1957 alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa pale Kisanga. Gari la sinema la serikali likaja kutafuta waigizaji, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kulia akiambiwa lia. Aliigiza sinema tatu, zote bubu. Picha zilitembea bila sauti, na mtangazaji alisimama kando ya gari na kipaza sauti akiwasemea waliomo.

Ya kwanza alichuma pamba. Ya pili alikuwa bibi harusi, na watu walimpenda sana. Ya tatu ndiyo iliyommaliza. Aliigiza mama anayemnywesha mtoto maji ya dimbwi, mtoto anakufa. Aliniambia kwamba pale anapombembeleza yule mtoto, midomo yake inavyocheza, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Mtangazaji yeye akamsemea: "Mie maji ya kuchemsha siyataki, tope ndilo tamu!" Watu wakacheka hadi wakalala chini. Gari likazunguka, na kuanzia Magole hadi Mvumi akawa Mama Tope.

Miaka minne baadaye mtoto wake Samweli akafa kwa surua. Mimi na wewe tulikuwa hatujazaliwa. Alimbeba mgongoni siku nzima na nusu, kwa miguu, kumpeleka hospitali, lakini matangani watu walinong'onezana kwamba si tulimwona wenyewe akimnywesha mtoto tope. Walimwona wapi? Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani! Mumewe akaondoka, na yeye hakuigiza tena. Unakumbuka alivyokuwa akichemsha hata maji ya kuogea, sisi tukimcheka? Nikikumbuka kicheko kile natamani kujificha.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa nne, alipopooza upande wa kulia na kauli ikakatika, nilimkimbiza hospitali. Dada wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa. Kaka, mimi niliyelelewa na mikono yake, niliyemfunga kilemba asubuhi ile ile, nikajibu, "Mama Tope." Likanitoka tu, kama linavyowatoka watu wote. Likaandikwa kwenye cheti. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu ubavuni mwangu, na masikio yake ni mazima. Alinitazama mara moja, kisha akageuzia uso ukutani. Hajanitazama tena mpaka leo.

Nimemwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Nimepiga magoti. Binti yangu Imani akimlisha uji, anakula. Nikishika kijiko mimi, anafumba mdomo. Daktari anasema tusitegemee zaidi ya wiki chache.

Jumapili katekista Cleopa alisoma majina ya wagonjwa, akasema tumwombee Mama Tope. Nikasimama katikati ya ibada nikapaza sauti kwamba anaitwa Bibiana. Watu waligeuka wakanishangaa. Wengine hawakuwa wakijua kabisa kwamba ana jina lingine. Nikakaa chini na aibu yangu, maana mimi ni nani wa kuwasahihisha.

Ile sinema uliyotuma ilifika. Ni dakika sita tu. Nilimwekea kwenye simu ya Imani, karibu na uso wake. Hakuna mtangazaji humo, hakuna anayemwita Mama chochote. Mwanzoni, kabla hajainama dimbwini, bila shaka kuna mtu nyuma ya kamera anamwita, kwa sababu anageuka ghafla na kucheka, meno yote nje. Siku hizo alikuwa na jina moja tu. Nikairudisha nyuma, na ilipofika pale pale nikaita kwa sauti: "Bibiana!" Yule wa kwenye simu aligeuka. Huyu wa kitandani hakugeuka.

Kaka, nimekata tamaa. Nakuomba jambo moja tu. Rekodi sauti yako uitume kwenye simu ya Imani, si kwenye yangu. Sauti yako ni ya marehemu baba kabisa. Usimwite shangazi, usimweleze lolote, wala usiniombee msamaha. Taja jina lake tu, taratibu, kama baba alivyokuwa akimwita dada yake kutoka shambani. Akikugeukia wewe, mimi nitatoka nje niwaachie chumba.

Nisalimie wifi na mwanao Lightness. Emanueli na Imani wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko, na siku ya mwisho akuite kwa jina ulilobatizwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyestahili,

Editha